Paka Akianza Kunuka: Tafuta Chanzo Kabla ya Kumwogesha

Paka mwenye afya karibu hanuki kabisa. Hujilamba kwa muda mrefu kila siku, na manyoya yake hubaki na harufu hafifu tu. Kwa hiyo harufu ngeni inayodumu zaidi ya siku moja ina sababu, na mara nyingi sababu hiyo haiko kwenye manyoya. Ukikimbilia kumwogesha, sabuni itafuta dalili na maji yatalowanisha kidonda usichokiona, kisha harufu itarudi bila wewe kujua inatoka wapi.

Kuna hali moja tu ya kuosha mara moja: paka akinuka mafuta ya taa, petroli, rangi au dawa ya kusafishia sakafu. Mfunge kwa taulo asijilambe, mwoshe kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji ya vuguvugu, suuza vizuri, mkaushe, kisha mpigie daktari wa mifugo. Usimtapishe, kwa sababu mafuta yakirudi kooni huweza kuingia kwenye mapafu.

Hatua ya 1: Andaa

Chukua vipande saba vya pamba safi, tochi na taulo. Subiri paka atulie. Usimkague punde tu baada ya kula wala baada ya kutoka kujisaidia, maana harufu za wakati huo zitakupotosha.

Hatua ya 2: Pangusa, kisha nusa pamba

Usinuse paka mzima kwa pamoja. Pangusa taratibu kwa kipande kipya kila mahali: pembe za mdomo, sikio la kulia, sikio la kushoto, shingo na mgongo, kati ya vidole, shina la mkia, na chini ya mkia. Sogea mbali naye, nusa kipande kimoja kimoja, andika.

Hapa pana mtego. Paka mwenye mdomo mbovu hujipaka mate mwili mzima, hivyo mgongo nao hunuka ilhali ngozi haina tatizo. Kinyume chake pia hutokea: akitoka kujilamba chini ya mkia, pumzi yake hunuka shombo kwa muda. Rudia zoezi baada ya saa mbili. Mahali panaponuka mara zote mbili, tena kwa nguvu kuliko pengine, ndipo pa kuanzia.

Hatua ya 3: Mdomo

Anza hapa hata kama huna uhakika, kwa kuwa magonjwa ya meno na fizi ni ya kawaida sana kwa paka. Huna haja ya kumpanua mdomo. Shika kichwa kwa juu, inua mdomo wa juu pembeni kwa kidole gumba, umulike magego. Fizi nzuri ni za waridi. Mstari mwekundu unaofuata shina la meno ni uvimbe. Ukoga wa kahawia uliogandana ni makazi ya bakteria. Mtazame pia anavyokula: akiangusha chakula, akitafuna upande mmoja, au akikisogelea chakula kisha kukiacha, ana maumivu.

Usikwangue ukoga kwa ukucha wala kisu. Sehemu mbaya zaidi iko chini ya fizi, na husafishwa paka akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Dawa ya meno ya binadamu isitumike, kwani paka huimeza yote na ina floraidi.

Zipo harufu mbili za pumzi ambazo hazitoki kwenye meno. Pumzi yenye ukali wa mkojo, pamoja na kunywa maji mengi na kukonda, huelekeza kwenye figo. Pumzi tamu, au yenye harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ni dalili ya kisukari kilichopanda hatari. Hiyo ya pili haingoji kesho.

Hatua ya 4: Masikio

Uchafu mkavu mweusi unaofanana na unga wa kahawa, pamoja na kujikuna sana, kwa kawaida ni utitiri wa masikio. Nta ya kahawia yenye harufu ya uchachu hutokana na hamira za ngozi, yaani kuvu wadogo. Majimaji ya njano yanayovunda ni bakteria. Usitie dawa yoyote, hata iliyobaki ya zamani, kabla ya daktari kuangalia ngoma ya sikio. Dawa ikipita kwenye ngoma iliyotoboka inaweza kuharibu usikivu. Kijiti cha pamba nacho husukuma uchafu ndani zaidi.

Hatua ya 5: Ngozi

Harufu ya kuoza kwa paka anayetoka nje, fikiria jipu la kung'atwa. Jino la paka hutoboa tundu dogo linalofunga upesi, bakteria wakabaki ndani, na usaha hujaa siku chache baadaye. Papasa kichwa, miguu ya mbele na shina la mkia ukitafuta uvimbe wa moto au manyoya yaliyogandana. Likiwa limeshapasuka, osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Ambalo halijapasuka usilikamue, kwani usaha husambaa chini ya ngozi. Usimpe dawa ya maumivu ya binadamu: parasetamoli huua paka, hata kidonge kimoja.

Hatua ya 6: Chini ya mkia

Shombo kali la ghafla, hasa baada ya kushtuka, hutoka kwenye tezi mbili zilizo pande zote za njia ya haja kubwa. Likitokea mara moja, pangusa tu. Akijiburuza sakafuni au pakivimba upande mmoja, tezi imeziba.

Paka mnene au mzee mwenye viungo vinavyouma hashindwi usafi kwa uvivu, hafikii tu. Punguza manyoya ya hapo na umpangushe kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Dume asiyehasiwa ana mkojo mkali kwa maumbile yake. Jike asiyefungwa kizazi akitoa ute unaonuka wiki chache baada ya joto, kizazi kinaweza kuwa kimejaa usaha: mpeleke siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Pima uharaka

Nenda mara moja ikiwa dume anachuchumaa mara kwa mara bila mkojo kutoka, kwani mrija ukiziba anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Usingoje pia kwa paka ambaye hajala kwa saa 24, au mwenye funza kwenye kidonda. Mengine, ukiacha yale yaliyotajwa juu kuwa hayangoji, panga miadi ndani ya siku mbili tatu. Kabla ya kwenda, simama naye kwenye mizani, kisha usimame peke yako, na utoe tofauti. Paka wa kilo 4 aliyepungua nusu kilo amepoteza zaidi ya asilimia 10 ya mwili wake. Beba ile pamba iliyonuka kwenye mfuko uliofungwa.

Ikithibitika ni utitiri, watibiwe paka na mbwa wote wa nyumbani kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa dawa ya aina yake. Dawa ya mbwa yenye permethrini ni sumu kwa paka.