Namna ya Kuchagua Spika na Mitambo ya Dijitali ya Kusikilizia Muziki Nyumbani

Mtu anayetaka kusikiliza muziki kwa ubora wa hali ya juu nyumbani kwake kwa kawaida huanza kwa kuuliza amplifaya ipi ni bora, au DAC ipi, yaani kigeuzi cha sauti ya dijitali, inasifiwa mwaka huu. Ushauri wangu ni kwamba ageuze mpangilio huo: achunguze kwanza chumba atakachosikilizia, kisha achague spika zinazokifaa, kisha amplifaya inayozimudu spika hizo, na DAC iwe ya mwisho. Vifaa vya kielektroniki vya leo vilivyoundwa vizuri, hata vile vya bei ya wastani, hupitisha sauti bila dosari ambayo sikio linaweza kuitambua, ilhali spika mbili za bei moja zinaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi, na spika ile ile ikabadilika tabia ikihamishwa kutoka sebule moja kwenda nyingine.

Nyumba zetu nyingi zina kuta za matofali ya saruji, sakafu ya vigae na madirisha mapana ya vioo, na vyote hivyo hurudisha sauti badala ya kuimeza. Simama katikati ya chumba upige kofi moja. Ukisikia mlio mkali unaojirudia haraka haraka baina ya kuta, ujue kwamba twita yoyote, yaani kipaza kidogo cha sauti nyembamba ndani ya spika, utakayoileta humo, hata iwe ya thamani kubwa kiasi gani, itakuchoma masikio. Zulia nene mbele ya spika, mapazia mazito, makochi ya kitambaa na kabati lililojaa vitabu hutibu sehemu kubwa ya tatizo hilo kwa gharama ndogo.

Besi ni ngumu zaidi, kwa kuwa mawimbi yake ni marefu na zulia haliyapunguzi. Masafa, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, hupimwa kwa hezi. Masafa ya chini kabisa ambayo chumba huyakuza hupatikana kwa kuchukua mwendo wa sauti, takribani mita 343 kwa sekunde, na kuugawa kwa urefu wa chumba uliozidishwa mara mbili. Chukua chumba cha futi 12 kwa 12, yaani mita 3.66 kila upande: jibu ni karibu hezi 47, na kwa kuwa urefu na upana ni sawa, pande zote mbili hukuza masafa yale yale kwa pamoja. Gitaa la besi likigusa noti iliyo karibu na hapo, chumba kizima kitavuma, na noti inayofuata itasikika imekonda. Ndiyo maana mwenye nafasi ya kuchagua achague chumba cha mstatili. Kiti cha msikilizaji kisiegemee ukuta wa nyuma, ambako besi hulundikana, wala kisiwe katikati kabisa ya chumba, ambako baadhi ya besi hupotea. Spika nazo zisogezwe mbali kidogo na ukuta, twita ziwe usawa wa masikio ya aliyeketi, na umbali kati ya spika mbili uwe karibu sawa na umbali kutoka kila spika hadi kwa msikilizaji.

Chumba kidogo hakihitaji spika ndefu za kusimama zenye wufa tatu, yaani vipaza vikubwa vya sauti nzito. Miaka ya 1970 BBC ilihitaji spika ya kukagulia matangazo ndani ya magari yake ya kurekodia, ikabuni LS3/5A, kisanduku kidogo kilichozibwa pande zote, ambacho wapenzi wa muziki wanakithamini hadi leo kwa jinsi kinavyotoa sauti ya binadamu. Kampuni ya KEF ya Uingereza, iliyotengeneza vipaza vya ndani vya spika hiyo, ilitoa mwaka 2012 LS50, ambayo twita yake imekaa katikati ya wufa ili sauti yote itoke mahali pamoja. Kwa sebule ya kawaida, spika za ukubwa huo juu ya stendi imara, pamoja na sabufa kwa anayetaka besi nzito, naziona kuwa chaguo lenye busara kuliko makabati makubwa yanayokizidi chumba nguvu. Ikiwa spika lazima zikae karibu na ukuta, tafuta zilizozibwa, au zile ambazo tundu lake la hewa linaweza kuzibwa kwa sponji, kwa sababu ukuta huongeza besi na tundu la nyuma huzidisha uvumaji.

Kabla ya kwenda kusikiliza, tazama michoro ya vipimo. Floyd Toole, aliyefanya utafiti katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada na baadaye katika kampuni ya Harman kuanzia 1991, aliwasikilizisha watu spika zilizofichwa nyuma ya pazia, na matokeo yakajirudia: wengi hupendelea spika ambayo mchoro wake wa masafa umenyooka pale inapotazamwa mbele, na ambayo sauti yake ya pembeni hushuka taratibu bila mabonde na vilima. Jambo hilo la pembeni ni la msingi, maana sehemu kubwa ya sauti inayokufikia chumbani imekwisha kugonga ukuta au sakafu kwanza. Mtengenezaji asiyetaka kuonyesha mchoro wowote, binafsi ningemwacha.

Kipimo cha pili ni unyeti, yaani ukubwa wa sauti ambayo spika hutoa kwa nguvu ndogo maalumu ya umeme, unaoandikwa kwa desibeli katika umbali wa mita moja. LS50 ina desibeli 85. Kwa makadirio, ukikaa mita 3 kutoka kwenye jozi ya spika za unyeti huo na ukataka vilele vya muziki vifike desibeli 100, utahitaji wati 70 hivi kwa kila spika; spika za desibeli 91 zitafika hapo kwa wati zisizozidi 20, kwa kuwa kila desibeli 3 za ziada huhitaji nguvu maradufu. Angalia pia ukinzani, yaani jinsi spika inavyozuia mkondo wa umeme: spika iliyoandikwa ohmu 8 inaweza kushuka hadi 3 na ushei katika masafa fulani, na amplifaya dhaifu hupata joto na kukwama hapo. Kuhusu nyaya sina mengi ya kusema, kwani waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba kutoka duka la vifaa vya umeme unatosha kabisa kwa mita tano.

DAC isikunyime usingizi. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hubeba sampuli 44,100 kwa sekunde zenye biti 16 kila moja, kiasi kinachotosha kunasa masafa hadi hezi 22,050, ilhali sikio la kijana mwenye afya huishia karibu 20,000. Chagua DAC yenye viingilio unavyohitaji na inayotoa volti 2 hivi kwa amplifaya, basi. Faili ziwe za FLAC, muundo unaobana muziki bila kupoteza chochote, au utumie huduma kama Apple Music, ambayo tangu 2021 hutoa muziki usiopunguzwa. Lakini ukiutuma kwa Bluetooth, kwa kawaida utabanwa upya njiani. Anayetegemea kifurushi cha intaneti ajue kwamba saa moja ya muziki wa kiwango cha CD, kabla ya kubanwa, ni karibu megabaiti 635. Tena, faili kubwa haiongezi kisichokuwapo: Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928 kwa mitambo ya wakati huo, na faili ya biti 24, badala ya zile 16 za CD, haiwezi kurudisha masafa ambayo mitambo hiyo haikuyanasa.

Unapokwenda kusikiliza, beba rekodi unayoijua kwa moyo. Taarabu asilia hufaa sana: sikiliza kama kila mdonoo wa ganuni unaanza na kufifia peke yake, kama fidla zinakwaruza kuliko kawaida, na kama mwimbaji amesimama katikati ya spika mbili. Sauti za spika zinazolinganishwa zisawazishwe kwa kipimo cha desibeli, hata cha kwenye simu, kwa sababu inayolia zaidi kidogo huonekana bora daima.

Katika mitumba kuna vitu vizuri mno, ila bonyeza taratibu ukingo wa wufa: sponji huoza kwa joto na unyevu wa pwani, na ikinata kidoleni au kumeguka, itabidi ibadilishwe; ukingo wa mpira hudumu zaidi. Amplifaya iliyotoka Japani hutumia volti 100, ya Marekani 120, na ukiichomeka kwenye volti 230 bila transfoma ya kushusha umeme itaungua. Hata mtambo mpya uwekewe stebilaiza nzuri. Mwisho, mwombe muuzaji akuruhusu kurudisha spika ndani ya siku chache zikikataana na chumba chako, na makubaliano hayo yaandikwe kwenye risiti.