Jinsi ya Kuandaa Jioni ya Kumkumbuka Otis Blackwell Jijini Mwanza

Usukumani, ningi, yaani kiongozi wa ngoma, anayetunga nyimbo za Bagika au Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, husimama mbele ya wachezaji wake akaziimba mwenyewe, kwa hiyo umati unaofurika kituo cha utamaduni cha Bujora wakati wa tamasha la ngoma la Bulabo hauhitaji kuambiwa wimbo ni wa nani. Otis Blackwell, mzaliwa wa Brooklyn, New York, hakuijua bahati hiyo: alitunga, wengine wakaimba, na sifa zikawafuata waimbaji. Anayetaka kumkumbuka ipasavyo na aandae jioni ambayo jina la mtunzi hutangulia la mwimbaji.

Chagua tarehe 6 Mei, siku aliyofariki mwaka 2002 huko Nashville. Kibaraza cha nyumba ya Capri Point kinatosha, mradi spika zikingwe na upepo wa ziwa.

Anza na "Fever", aliyoitunga pamoja na Eddie Cooley, na uipige mara mbili: kwanza ya Little Willie John ya mwaka 1956, kisha ya Peggy Lee ya mwaka 1958. Waombe wasikilizaji wataje kilichosalia vilevile baada ya sauti na ala kubadilika, kwa maana hapo ndipo kazi ya mtunzi inaposikika. Waeleze pia kwamba Blackwell, akiwa amefungwa na mkataba mwingine, alijiandikisha kwa jina la John Davenport, ambalo lilikuwa la baba yake wa kambo.

Kabla ya "Don't Be Cruel", simulia bila haraka habari za mkesha wa Krismasi wa mwaka 1955, alipouza nyimbo sita kwa dola 25 kila mmoja, huo ukiwa miongoni mwake. Elvis Presley alipourekodi mwaka 1956, Blackwell alilazimika kukubali jina la Elvis liandikwe kando ya lake kama mtunzi mwenza na kugawana naye mapato. Kwangu mimi, huo ulikuwa udhalimu. Hawakuwahi kuonana ana kwa ana.

Fuatisha "All Shook Up" ya Elvis na "Great Balls of Fire" ya Jerry Lee Lewis, zote za mwaka 1957. Hazihitaji maelezo marefu.

Mwishoni tafuta santuri yake iitwayo "These Are My Songs", ambamo anaimba tungo zake mwenyewe, uipige wageni wakiwa wamenyamaza.