Andaa ua kwanza, ndipo ukamchukue mbwa kituoni

Vituo vinavyookoa na kutunza mbwa waliotelekezwa viko zaidi Dar es Salaam na Arusha. Mtu wa Dodoma anayetaka kumuasili mbwa ana safari ya zaidi ya kilomita 400, ndiyo maana wengi huanza kwa kuhangaikia usafiri. Anza na ua. Mbwa akifika mahali asipopajua hutafuta pa kutokea kabla hajatafuta hata maji, na akitoroka siku hiyo hana pa kurudi, kwa sababu kwako bado hajapazoea kuwa kwao.

Zunguka ua wote kwa miguu ukitazama chini. Kwa mbwa wa kienyeji wa kilo 15 hadi 20, uzio wa mita 1.5 ndio wa chini kabisa, na wa mita 1.8 humzuia hata anayejua kuruka. Viwanja vingi vipya vya pembezoni mwa jiji vina ukuta pande tatu, upande wa nne ni minyaa au michongoma. Minyaa humzuia ng'ombe, ila mbwa hupenya katikati ya mashina, na utomvu wake mweupe ukimwingia machoni humuunguza vibaya. Funga wavu upande wa ndani wa minyaa na ufukie ukingo wake sentimita 30 ardhini. Kisha pima uwazi chini ya geti. Sentimita 10 humpitisha mtoto wa mbwa, na mkubwa atafukua hapo mpaka pamtoshe, maana udongo wa kichanga haumpi kazi. Mwaga zege kidogo au zika tofali.

Kama umepanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Kwenye nyumba ya ua mmoja, kaa na majirani mkubaliane mbwa atakaa wapi: mbali na bomba, kamba ya nguo na mahali pa kuswalia. Kuna mbwa wanaorudishwa kituoni kwa sababu ya ugomvi ambao mazungumzo ya nusu saa yangeuzuia.

Banda la mbwa wa ukubwa huo liwe na urefu wa sentimita 100, upana 70 na kimo 80. Inua sakafu sentimita 15, kwa kuwa mvua za Desemba hadi Aprili zikinyesha huja kwa kishindo na maji hutapakaa uani. Bati tupu mchana hugeuza banda kuwa tanuri. Weka ubao au nyasi chini yake ukiacha nafasi ya hewa, au lijenge chini ya mwarobaini. Upepo wa Dodoma huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, na usiku wa Juni na Julai una baridi kali, kwa hiyo mlango utazame kaskazini. Blanketi la mtumba latosha.

Maji: mbwa wa kilo 15 hunywa karibu lita 1 kwa siku, na joto la Oktoba na Novemba huongeza. Weka vyombo viwili vizito kivulini. Mgao wa maji mtaani usiwe sababu ya mnyama kukaa na kiu. Mtengee ndoo yake.

Chakula kinahitaji umakini zaidi, kwa sababu hapa Dodoma hatari mbili zimo ndani ya mazao yetu wenyewe. Ya kwanza ni zabibu. Ziwe mbichi au zilizokaushwa, zinaweza kuua figo za mbwa, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Kama una mizabibu, kama wengi wa Hombolo na Mpunguzi, zungushia shamba uzio na usimwage makapi ya kukamulia mahali atakapoyafikia. Akila, usisubiri atapike. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.

Ya pili ni mahindi yenye ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu huo, iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara, na mbwa huathirika nayo haraka. Nafaka iliyokataliwa na watu ndiyo mara nyingi hupikiwa mbwa, na kupika hakuondoi sumu hiyo. Mpikie unga ule ule mnaokula nyinyi.

Kwa mbwa mzima wa kilo 15, kiasi cha siku ni takriban gramu 150 za unga wa dona, gramu 50 hadi 60 za dagaa wakavu na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti. Loweka dagaa na uwasuuze mchanga na chumvi, kisha wachemshe. Usiweke chumvi wala kitunguu, na mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kabisa, kwa kuwa hupasuka vipande vikali. Gawa milo miwili. Omba kituo kikupe chakula cha siku chache unachoweza kuchanganya na chako, ukiongeza chako kidogo kidogo kwa wiki nzima. Ukibadilisha ghafla ataharisha, na hutajua kama ni chakula au ugonjwa.

Ukifika kituoni, waulize wahudumu: amewahi kuishi na watoto? Kuku na mbuzi anawafanyaje? Anatembea kwa kamba? Amehasiwa? Kama mna watoto, nenda nao. Mbwa anayejikunyata kwenye kona na kukataa kuguswa anastahili kupendwa, lakini anahitaji mtu mzoefu. Kama huyu ni wa kwanza kwako, mchague anayekujia mwenyewe.

Dai kadi ya chanjo. Kichaa cha mbwa huchanjwa kuanzia miezi 3 na kurudiwa kila mwaka. Chanjo za parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua mbwa, huanza wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila wiki 3 hadi 4 mpaka wiki 16. Kama mtoto wa mbwa alikufa kwa parvo uani kwako, virusi hukaa ardhini miezi mingi. Sakafu unaweza kuisafisha kwa jiki, sehemu 1 kwa 20 za maji, ukaiacha dakika 10; udongo hausafishiki hivyo. Hapo chukua mbwa mzima aliyekamilisha chanjo.

Kwa safari, uliza ofisi ya mifugo ya halmashauri anakotoka kuhusu kibali cha kumsafirisha. Usikubali awekwe kwenye buti la basi. Joto la humo linaweza kumuua. Tumia gari dogo, ondokeni alfajiri, simameni kila baada ya saa 2 apate maji na kujisaidia. Mlishe kidogo muda wa saa 5 kabla ya kuondoka. Mfunge kamba kabla mlango haujafunguliwa, kila mara: mbwa mwenye hofu hurudi nyuma na kuchomoa kichwa, kwa hiyo kola ipitishe vidole viwili tu. Akihema kwa kasi, akitoa mate mazito na kuyumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida, mpepee, kisha mwahishe kwa daktari.

Siku 14 za kwanza mtenge na mbwa wengine, na hata ndani ya ua atembee kwa kamba. Siku tatu za mwanzo huenda asile vizuri. Mwache, msimzunguke kumtazama. Mkague kupe masikioni, kwenye kwapa na katikati ya vidole. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake kwa kukisia, maana kipimo kikizidi humlevya, daktari akupimie. Dawa ya minyoo kwa mbwa mzima ni kila miezi 3.

Akimng'ata mtu, hata kama ana kadi, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo na kadi ya mbwa mkononi.