SOMO: Kuhamisha programu ya ofisi kutoka kwenye desktopu kwenda kwenye brauza

Habari zenu wakuu. Wengi mna ile programu ya stoo na mauzo ya Visual Basic 6 (VB6, lugha ya zamani ya Microsoft ya kutengenezea programu), data zipo Access (programu ya Microsoft ya kutunza data), bosi anataka ifunguke kwenye brauza. VB6 imetoka 1998 na Microsoft waliacha kuihudumia 2008, ila ofisi kibao bado zinaitegemea, kwa hiyo msiidharau, humo ndani kuna akili za watu za miaka mingi.

Hatua ya 1: Kabla hujaandika hata mstari mmoja, kaa na karani siku mbili tatu uangalie vidole vyake. Mimi nilimkuta dada wa mauzo anapiga invoisi ya bidhaa 20 bila kugusa mausi, ni Enta, Enta, F2, imeisha. Sasa wewe umletee ukurasa mzuri wa kubofyabofya halafu foleni imejaa kaunta, wateja watamfokea yeye, wewe haupo.

Hatua ya 2: Fungua kodi za programu ya zamani (yale maelekezo aliyoyaandika fundi) upitie batani moja moja. Sheria za biashara zimejificha humo. Unakuta mteja mwenye deni la zaidi ya siku 60 hapewi mzigo, na hiyo haijaandikwa kwenye karatasi yoyote, ipo ndani ya batani ya kusevu tu! Ziandike zote, mhasibu azipitie, halafu kwenye mfumo mpya zikae kwenye seva (kompyuta kuu inayotunza mfumo). Ukiziacha kwenye brauza peke yake mtu mjanja anazichezea.

Hatua ya 3: Data. Faili la Access mwisho GB 2, hamia PostgreSQL (hifadhidata ya kwenye seva). Hela usiweke float (aina ya namba za desimali za makadirio), maana kompyuta 0.1 + 0.2 haitoi 0.3 kamili na senti zinakuja kuumbua mahesabu. Tarehe kama 03/04 hakikisha ni Aprili au Machi.

Hatua ya 4: Shotikati za kibodi. Ctrl+W (kufunga tabu) na Ctrl+T (kufungua tabu) ni za brauza, huzipati. F5 unaweza kuizuia, na uizuie kweli, maana kwenye brauza inapakia ukurasa upya, aliyezoea kusevu nayo atapoteza invoisi nzima.

Hatua ya 5: Usihamishe vyote siku moja. Anza na ripoti, zenyewe zinasoma tu haziandiki, mwisho wa mwezi linganisha jumla za mfumo wa zamani na mpya mpaka zifanane.

MASWALI

Mkuu, intaneti ikikata?
– Seva iweke hapohapo ofisini, brauza zinaifikia kwa waya wa ndani, intaneti haihusiki. Umeme ndo utafutie UPS (betri ya akiba ya kompyuta).

Watu wawili wakifungua rekodi moja je? Zamani ilikuwa inajifunga.
– Kwenye wavuti usiifunge, mtu anaacha ukurasa wazi anaenda kula. Kila rekodi ipe namba ya toleo, wa pili akisevu aambiwe imeshabadilishwa na nani, aone tofauti kabla ya kuendelea.

Kaka, risiti mbona inaleta dirisha la kuprinti kila saa?
– Kwa kawaida ukurasa wa brauza hauruhusiwi kuongea na printa moja kwa moja kama VB6. Weka kaprogramu kadogo kwenye mashine ya kaunta, kapokee risiti kutoka kwenye ukurasa kaitume kwa printa. Kajaribu na karatasi ikiwa imeisha pia, hapo ndo wengi wanaprinti risiti mara mbili.