Tuta la Kuinuliwa au Kupanda Ardhini: Udongo wa Nairobi Ndio Unaoamua

Kabla ya kununua hata ubao mmoja wa kujengea tuta la kuinuliwa, yaani tuta lenye kingo linalojazwa udongo juu ya ardhi, chukua jembe uchimbe shimo la kina cha sentimita 30 pale unapokusudia kupanda mboga, kwa kuwa udongo wa jiji hili hubadilika sana kutoka mtaa hadi mtaa. Upande wa Karen na kuelekea Kikuyu, kwa kawaida ardhi ni nyekundu, yenye kina, na hupitisha maji vizuri. Ukielekea Embakasi na Syokimau, utakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hufura ukinyeshewa, na kiangazi kikifika hupasuka nyufa za kupitisha vidole.

Jaza shimo hilo maji, yakinywea ulijaze tena, kisha uangalie saa. Maji ya mara ya pili yakiisha kwa saa chache, udongo wako hauna tatizo. Yakilala humo hadi kesho yake, mizizi nayo italala majini wakati wa masika, kati ya Machi na Mei.

Mwenye udongo mwekundu, kwa maoni yangu, hana sababu ya kugharimia matuta ya kuinuliwa. Na alime kwa jembe la uma, achanganye samadi iliyooza, kisha afunike kwa matandazo ya nyasi kavu. Ardhi hushika unyevu kwa muda mrefu kuliko tuta, na hilo si jambo dogo katika mji ambao mitaa mingi hupata maji ya mfereji kwa zamu.

Kwenye udongo mweusi, inua. Niliwahi kupanda sukuma wiki moja kwa moja kwenye udongo huo, na mvua za Aprili zilipokolea, majani ya chini yakaanza kugeuka manjano. Nilipong'oa mche mmoja, mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, na yenye harufu ya uvundo. Mbolea haikuwa imepungua: ni hewa iliyokosekana.

Upana wa tuta usizidi mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga udongo. Piga hesabu ya kulijaza mapema, maana hapo ndipo wengi hukwama: tuta la mita 1.2 kwa 2.4, lenye kimo cha sentimita 30, humeza takriban lita 860 za udongo, yaani toroli 13 au 14 za lita 65. Changanya udongo mwekundu na samadi au mboji, na usitandike karatasi ya plastiki chini. Lainisha tu ardhi kwa uma ili maji yapate njia. Kingo zinaweza kuwa za mawe ya kuchonga au mbao, lakini epuka mbao kuukuu zenye rangi na zile za reli zilizolowekwa dawa, kwa sababu sumu yake huweza kuingia kwenye udongo unaokulisha.

Mpangaji asiye na hakika ya kukaa afadhali atumie magunia, ambayo atahama nayo.

Jenga mwezi wa Februari au Septemba, umwagilie, na uache udongo ushuke kwa wiki mbili au tatu. Utaona umepungua sentimita kadhaa, basi jazia mboji kabla ya kupandikiza miche mvua inapoanza.