Uliza mashine kabla ya kuuliza bei: ndevu, leza na ngozi nyeusi

Nina alama mbili kwenye shavu la kushoto, karibu na sikio, zimenyooka kama zimepigwa rula. Kila moja ina ukubwa wa kisanduku cha kiberiti kilichosimamishwa kwa ubavu. Sasa zimefifia, lakini asubuhi nikikaa mbele ya kioo dirishani bado naziona. Nilizipata mwaka nilioamua kuachana na wembe. Saluni moja iliniambia ina leza ya bei nafuu, nikaenda mbio. Haikuwa leza. Ilikuwa mashine ya mwanga unaomulika kama flashi ya kamera, ile iitwayo IPL, na aliyeishika hakuniuliza neno lolote juu ya ngozi yangu. Nilisikia harufu ya nywele zinaungua, kisha harufu nyingine. Jioni shavu lilivimba, siku ya tatu ngozi ikabanduka, na mabaka meusi yakakaa miezi kumi na minne.

Mimi ni mwanamke transi, yaani nilipozaliwa niliandikwa mvulana, mzaliwa wa Mombasa, na kazi yangu Nairobi ni kupamba maharusi. Uso ndio kitabu changu cha kazi. Nawaandikia dada zangu wenye ngozi kama yangu na ndevu kama zilizokuwa zangu, maana maelezo mengi tunayokutana nayo yameandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe, na mtu akiyafuata hivyo hivyo anaungua.

Elewa kwanza leza inafanya nini. Mwanga wake unatafuta melanini, yaani ile rangi nyeusi iliyomo ndani ya unywele. Ukiipata unageuka joto, na joto linaunguza chembe za mzizi zinazoufanya unywele uote tena. Mtu mweupe mwenye ndevu nyeusi ana melanini nyingi kwenye unywele na kidogo kwenye ngozi, kwa hiyo mwanga hauna mahali pengine pa kwenda. Sisi melanini tunayo kote kuwili. Mwanga wa mawimbi mafupi unanaswa juu ya ngozi kabla haujafika kwenye mzizi, na hapo ndipo alama kama zangu zinapozaliwa.

Mawimbi marefu yanapita chini zaidi na hayashikwi sana na melanini ya juu. Kwa hiyo namba ya kukariri ni 1064. Hiyo ni nanomita 1064, kipimo cha urefu wa mawimbi ya leza iitwayo Nd:YAG, na ndiyo iliyo salama zaidi kwa ngozi nyeusi. Leza ya aleksandraiti ni 755, inawafaa weupe. Ya daiodi mara nyingi huwa 810 au karibu na hapo. Mikononi mwa mtu anayeijua, mwenye ngozi ya maji ya kunde anaweza kuitumia, lakini kwa weusi wangu mimi sikuithubutu. IPL iache kabisa. Vilevile vile vimashine vya nyumbani vinavyouzwa mtandaoni: vingi ni IPL, na kwenye maelekezo yake mtengenezaji mwenyewe ameonya kwamba havifai ngozi nyeusi. Vingine vina kihisio kinachokataa kuwaka kikigusa ngozi iliyokolea weusi.

Basi ukipiga simu kliniki, usianze na bei. Uliza: mashine yenu ni ya aina gani, nanomita ngapi? Anayeishika ni nani, na daktari wa ngozi yupo? Ameshawahudumia watu weusi wangapi, na anaweza kukuonyesha picha za kabla na baada? Mnafanya jaribio kwenye eneo dogo kwanza? Wakikujibu kwamba mashine yao "inafaa ngozi zote" bila kukutajia namba, shukuru ukate simu. Jaribio lifanywe chini ya taya, mahali pa kujificha, na usikubali kikao kizima siku hiyo hiyo. Ngozi yetu inachelewa kusema. Mimi nilisubiri wiki mbili.

Kuna jambo la mapokezi ambalo linawafanya wengi wetu tusiende kabisa. Kitambulisho kinasema jina moja, uso unasema lingine, na chumba kimejaa watu. Audrey Mbugua, mwanamke transi wa hapa Kenya, alilazimika kwenda mahakamani kwa ajili ya jina lililoandikwa kwenye cheti chake cha shule, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya ikaliagiza Baraza la Mitihani limbadilishie. Wengi wetu bado hatujafika huko. Nilichofanya mimi ni kupiga simu siku moja kabla, nikaomba niitwe kwa jina la ukoo tu. Walikubali bila maswali. Kumbuka pia kwamba wanawake wengi wasio transi wanaota ndevu kwa sababu ya homoni na wanakaa kwenye viti hivyo hivyo, kwa hiyo si wewe pekee mwenye kidevu cha kunyolewa pale. Hadithi ya maisha yako hudaiwi na karani. Daktari ndiye umweleze yote: homoni unazotumia, dawa za chunusi, antibiotiki kama doksisaiklini inayoifanya ngozi iogope mwanga, kama unapata makovu yanayovimba, kama midomo huwa inakutoka malengelenge ya homa. Joto la leza linaweza kuyaamsha malengelenge hayo, na daktari ana dawa ya kukukinga.

Na umwambie ukweli kuhusu krimu za kujichubua. Najua nagusa kidonda. Lakini ngozi iliyochubuliwa haina utulivu, inaungua upesi na inarudi na mabaka. Nimemwona dada mmoja aliyeficha jambo hilo, na leo anajuta.

Maandalizi yenyewe ni mepesi. Wiki nne hadi sita kabla, acha kung'oa: usitumie kibanio, uzi, nta wala halawa. Mwanga unahitaji mzizi uwe ndani. Ukiung'oa umeilipia leza kazi ya bure. Kunyoa kwa wembe kunaruhusiwa, tena ni lazima: nyoa siku moja kabla, uende na uso safi usio na mafuta wala vipodozi. Kwa sisi hii ni rehema kubwa. Katika miezi yote ya leza sikutoka nyumbani hata siku moja na ndevu zimechomoza.

Uchungu upo, na juu ya mdomo ndiko kubaya zaidi. Ni kama ukiwa unakaanga samaki na mafuta yakakurukia, tone baada ya tone, mahali pale pale. Krimu ya ganzi yenye lidokeini inasaidia, lakini paka eneo dogo kwa kipimo ulichopewa. Usijipake uso na mwili mzima kisha ukajifunga nailoni ukiwa peke yako. Ikiingia kwa wingi kwenye damu inasumbua moyo. Wakati wa kikao macho yafunikwe kwa miwani maalumu, na usimruhusu mtu yeyote apitishe leza kwenye kope au chini ya nyusi. Ukisikia joto linalobaki na kuzidi badala ya kupita, sema acha. Sema kwa sauti. Mimi siku ile ya saluni nilinyamaza kwa sababu nilikuwa naona aibu kuwa pale.

Ukitoka, maji baridi na kitambaa safi vinatosha, kisha mafuta mepesi yasiyo na manukato. Siku mbili usijifukize, usifanye mazoezi ya jasho, usipake fondesheni kama ngozi bado ina joto. Krimu ya jua ya SPF 30 au zaidi kila asubuhi, hata wewe mweusi, maana jua ndilo linalokoleza mabaka. Wiki ya kwanza utadhani nywele zinaota. Zinasukumwa nje. Kati ya wiki ya kwanza na ya tatu zinadondoka, ukijisugua kwa taulo unaziona zimebaki pale kama vumbi la mkaa. Usizivute.

Halafu zitarudi nyingine, usikate tamaa. Nywele haziamki zote wakati mmoja; leza inazikamata zile tu zinazokua wakati huo, zilizolala zinaponea. Ndiyo maana uso unarudiwa kila baada ya wiki nne hadi sita, na ndevu za mwanamke transi zinataka vikao vingi kuliko kwapa au miguu. Mimi nilifanya tisa. Nililipa shilingi 6,500 kila kikao, nikawa naweka akiba ya kila harusi ya pili. Baada ya cha nne, vipele vya wembe vilivyonitesa shingoni tangu nina miaka kumi na saba viliisha. Nywele zetu zimejikunja, zikikatwa zinageuka na kuchoma ngozi kutoka ndani; mzizi ukidhoofika, kipele hakina tena kinachokizaa. Hilo peke yake lingetosha kunirudisha pale.

Leza haishiki nywele nyeupe wala nyekundu, kwa kuwa nywele hizo hazina rangi ya kukamata. Na kinachoahidiwa kitaalamu ni kupungua kwa kudumu. Kinachoondoa moja kwa moja ni elektrolisisi: sindano nyembamba inaingizwa kwenye kitundu cha kila unywele, umeme unapita, mzizi unakufa. Ilianza mwaka 1875 huko St. Louis, Marekani, kwa daktari wa macho aliyeitwa Charles Michel, aliyekuwa akitibu kope zinazoota kwa ndani na kukwaruza jicho. Wazee wetu waliougua trakoma, ule ugonjwa wa macho, wanaijua adha hiyo. Elektrolisisi haijali rangi ya ngozi wala ya unywele. Ubaya wake ni muda, kwani ndevu nzima ni saa nyingi mno, mwaka hadi miwili ya kurudi na kurudi, na kila mara uache nywele zichomoze siku mbili tatu ili zishikike. Mimi siku hizo nilivaa barakoa na mtandio. Sindano ifunguliwe mpya mbele ya macho yako, na kama makovu yako huvimba, jaribu sehemu ndogo kwanza. Kwa wanaopanga upasuaji wa chini, yaani wa sehemu za siri, daktari wa upasuaji ndiye atakayesema ni eneo gani liondolewe nywele, na kazi hiyo ianze kama mwaka mzima kabla.

Kuna krimu ya eflornithini, asilimia 13.9, ya kupaka mara mbili kwa siku. Inapunguza kasi ya kuota, haiondoi, na ukiacha hali inarudi. Dawa hiyo hiyo, kwa sindano, imetumika pia kutibu malale. Homoni nazo zinalainisha nywele za tumbo na mikono polepole, lakini ndevu zilizokwisha komaa haziziondoi. Usizinunue kwa rafiki ili uondoe ndevu. Spironolaktoni, dawa ya kuzuia homoni za kiume, inataka damu ipimwe.

Na kama fedha ya leza haipo mwaka huu? Nyoa vizuri. Oga kwanza kwa maji ya moto ili nywele zilainike, tumia wembe mpya wa makali mamoja, fuata nywele zinakolalia, usivute ngozi, usirudie mahali mara tatu. Halawa, ile sukari iliyopikwa na ndimu kama wanavyopika mama zetu wa Pwani, ni nzuri kwa miguu na mikono. Kwenye ndevu inakata nywele katikati na kukuachia vipele. Dawa ya kunyolea, ile yenye harufu ya yai bovu, jaribu kwanza nyuma ya sikio na usizidishe dakika zilizoandikwa.

Kivuli kinachobaki baada ya kunyoa kinafunikwa hivi. Kwa ngozi nyeusi kinaonekana cha kijivu chenye ubluu, kwa hiyo ukipaka fondesheni peke yake unapata rangi ya majivu. Chukua lipstiki ya rangi ya chungwa iliyokolea wekundu, gusa kwa ncha ya kidole, ipigepige juu ya mdomo na kidevuni pale tu penye kivuli, safu nyembamba kama moshi. Weka poda kidogo. Subiri dakika moja. Sasa fondesheni, kwa sifongo, unakandamiza bila kusugua. Ukisugua, chungwa linapanda juu na uso unageuka wa chungwa. Malizia kwa poda. Maharusi wangu hawajui kwamba rangi hii nilijifunza kwenye kidevu changu, saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kupanda matatu.

Sasa narudi kwenye leza mara moja kwa mwaka. Zimebaki nywele nne nyeupe chini ya kidevu. Mbili zimekwishaingiwa na sindano, na hizo nyingine nina miadi nazo mwezi ujao.