Kabla Hujanunua Mbegu: Mambo ya Kuzingatia Unapoanzisha Bustani ya Mboga Nairobi

Hapa Nairobi watu wengi huanzia bustani kwenye agroveti. Mtu anapitia huko Ijumaa jioni, anabeba pakiti ya sukuma, ya spinachi, ya dania na ya nyanya, na Jumamosi asubuhi anashika jembe. Ningekusihi mbegu uzinunue mwisho kabisa. Utakula kutoka kwenye bustani hiyo au hutakula, hilo litategemea maji, jua na udongo, na vyote vitatu unaweza kuvichunguza kabla hujatoa hata shilingi.

Anza na maji, maana ndiyo yanayowashinda wengi. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na hata bwawa likijaa mgao hauishi, kwa sababu wakazi wamezidi kile kinachoweza kufikishwa mjini. Kwa hiyo jiulize: mtaa wenu hupata maji siku zipi, na tangi linabaki na lita ngapi baada ya kupika, kuoga na kufua? Kisha piga hesabu. Wakati wa kiangazi mita moja ya mraba ya mboga huhitaji kama lita 5 kwa siku. Tuta la mita 2 kwa 5 litakunywa lita 50, yaani mitungi miwili na nusu ya lita 20, kila siku ya Mungu. Ikiwa mitungi hiyo utainunua kwa mkokoteni, sukuma yako itakuwa ghali kuliko ya mama mboga wa pale kona.

Ndiyo maana nasema ukubwa wa bustani upimwe kwa maji utakayokuwa nayo wiki mbaya kabisa ya Februari, hata kama uwanja ni mkubwa kiasi gani. Ukiwa na uhakika wa mitungi miwili kwa siku, lima mita 8 za mraba, basi. Hapo, ukiacha nafasi ya sentimita 45 kwa 60, unapata mashina kama 30 ya sukuma, na mashina 30 yaliyotunzwa vizuri yatatosha nyumba ya watu watano kuchuma mara mbili au tatu kwa wiki. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo ili jua lisiunyonye, na unyunyize jioni au alfajiri.

Kama nyumba ni ya mabati, weka mfereji wa paa na pipa kabla ya mvua kuanza. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 50 za mraba, mvua ya milimita 20 ikinyesha usiku mmoja, linateremsha karibu lita 1,000, na hata zikipotea kiasi, bado ni maji ya zaidi ya wiki mbili kwa bustani hiyo ndogo. Pipa lifunikwe, la sivyo mbu watazaana humo.

Maji ya visima virefu vya kuchimbwa kwa mashine yatazamwe kwa makini, kwa sababu mengi hapa jijini yana fluoridi na sodiamu nyingi. Ukiyatumia peke yake miaka kadhaa, udongo hushikamana na kufanya ukoko juu. Yabadilishane na ya mvua. Maji ya kusuuza nguo yanaweza kwenda kwenye migomba. Yenye sabuni nzito au dawa ya kung'arisha nguo yasiguse mboga. Ama maji ya mtaro na ya Mto Nairobi, hayo usiyafikirie kamwe, hata majirani wote wakiyatumia. Yamebeba majitaka na taka za karakana, na kuosha mboga hakuondoi kilichoingia kupitia mizizi.

Jua nalo lina mambo yake hapa kwetu. Nairobi iko nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia kati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita kusini. Tuta lililo kusini mwa ukuta mrefu au ghorofa la jirani litanawiri Januari, kisha Juni likae kivulini na mboga zidumae huku mwenyewe akilaumu mbegu. Kwenye ploti zilizobanana kama za Roysambu au Pipeline hili ndilo la kuangalia kabla ya jingine lolote. Siku ya Jumapili toka nje saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri, uweke jiwe pale kivuli kinapokomea. Kisha tazama majengo na ujiulize kivuli hicho kitakuwa wapi baada ya miezi sita. Mimea ya kuzaa, kama nyanya, hoho na maharagwe, inataka jua la muda wa saa sita au zaidi kwa siku. Sukuma na spinachi zinaridhika na muda wa saa nne hivi. Dania, minti na managu huvumilia pungufu ya hapo.

Kuhusu udongo, jiji letu limegawanyika. Embakasi, Donholm, na ukishuka hadi Syokimau na Kitengela, utakuta udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa ukame na kung'ang'ania viatu mvua ikinyesha. Una rutuba, lakini maji hayatoki humo upesi na mizizi hukosa hewa. Kabete, Loresho na kuelekea Kiambu ni udongo mwekundu, mzuri kulima, ila mara nyingi una uchachu na huzuia kirutubisho cha fosforasi kisifikie mmea. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, ulijaze tena. Yakibaki yamesimama baada ya muda wa saa nne, jenga matuta yaliyoinuka kama sentimita 30, uchanganye samadi kwa wingi. Chimba mashimo matatu sehemu tofauti, usichimbe moja, kwa maana kwenye estate mpya mafundi huzika vipande vya plasta, saruji na nailoni chini ya udongo mwembamba wa kupendeza macho.

Mwenye nia ya kupanda miti ya matunda au eneo kubwa kidogo apeleke udongo KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, kituo cha Kabete, ukapimwe. Chota kutoka sehemu 8 au 10, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, anika kivulini, kisha peleka kama nusu kilo. Ila kama kiwanja chako kilikuwa gereji, mahali pa kuyeyushia betri, au kiko karibu na jalala, usipande ardhini hata udongo ukionekana mweusi na laini. Utafiti wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2007 ulikuta madini yenye sumu ya risasi kwa wingi kwenye udongo wa jalala la Dandora na kwenye damu ya watoto waishio hapo. Mahali kama hapo tumia vyombo na udongo ulioletwa kutoka kwingine.

Samadi usiinunue kwa macho. Ingiza mkono katikati ya gunia. Ukihisi joto, au harufu ikikuchoma pua, bado haijaiva: ifunike, uigeuze kila wiki, usubiri. Iliyoiva ni nyeusi, inavunjika vidoleni bila kunata, huoni tena nyasi alizokula ng'ombe, na harufu yake ni ya ardhi iliyonyeshewa. Ya kuku ndiyo kali zaidi, na mbichi itaunguza miche yako yote.

Asiye na uwanja ana gunia, na sioni kwa nini ajihisi amenyimwa. Kibera wamekula kutoka kwenye magunia miaka mingi. Siri iko kwenye mawe ya katikati. Chukua mkebe mkubwa uliotolewa kitako, usimamishe ndani ya gunia la kilo 90, uujaze kokoto, kisha zungushia udongo uliochanganywa na samadi hadi ukaribie ukingo wa mkebe. Vuta mkebe juu taratibu, kokoto zibaki. Rudia hivyo hadi gunia lijae. Maji utayamwaga kwenye kokoto, nayo yatapenya pande zote hadi chini. Bila hizo, juu kunalowa chepechepe na chini kunabaki vumbi. Toboa mashimo ubavuni kwa mpangilio wa kupishana, uingize miche 25 au 30. Lakini kabla ya kupandisha magunia kwenye paa la ghorofa, kumbuka ndoo moja ya lita 20 ya udongo uliolowa hufika kilo 30, na gunia lililojaa huzidi kilo 150. Yapange juu ya kuta na mihimili, yasirundikwe katikati ya slabu.

Mpangaji azungumze na mwenye nyumba au keyateka mapema, hasa kuhusu maji na uchafu wa mifereji. Kaunti ya Nairobi ina sheria ya kilimo cha mjini tangu 2015, kwa hiyo kulima mjini si uhalifu, lakini haikupi ruhusa ya kugeuza uwanja wa mwenzako.

Sasa mbegu. Chagua kile ambacho nyumba yako hula kila wiki, na kwa msimu wa kwanza shikilia majani: sukuma, spinachi, terere, kunde, managu. Terere na kunde unaanza kuchuma majani ndani ya wiki tatu hadi nne tangu kupanda, na hilo humpa moyo anayeanza. Dania haipendi kuhamishwa. Isie palepale itakapokulia, kidogokidogo kila wiki mbili, kwa sababu ikipata joto huharakisha kutoa maua. Nyanya ningeziacha kwa mwaka wa kwanza. Juni hadi Agosti, ubaridi na mawingu huleta ugonjwa wa baka unaounguza majani kwa siku chache, na tangu 2014 tuna pia Tuta absoluta, kiwavi anayetoboa majani na matunda.

Pakiti iwe na stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu. Kwaruza namba yake uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 1393 kuhakikisha. Kama unanunua miche kwa wauzaji wa barabarani, geuza majani utazame chini yake. Vidukari wa kijivu hukaa hapo wameganda, na ukiwabeba utawaeneza bustani nzima. Wakikupata tayari, ng'oa majani yaliyojaa na uoshe mengine kwa maji ya sabuni ya mche. Ukilazimika kupuliza dawa, soma lebo ujue ni siku ngapi za kusubiri kabla ya kuchuma, na uzisubiri zote.

Wakazi wa Karen, Langata na kandokando ya Karura wana mgeni mwingine: kima na tumbili. Hawaogopi sanamu wala mbwa aliyefungwa. Jenga kizimba cha waya chenye paa kabla ya kupanda.

Kwa matunda, nunua mche wa parachichi uliounganishwa, yaani kijiti cha aina ya Hass juu ya shina la kienyeji. Utazaa baada ya miaka mitatu au minne, wakati wa kokwa unaweza kukuweka miaka mingi. Upande angalau mita 6 kutoka kwa nyumba na bomba la majitaka. Pasheni inapenda ua wenye jua. Papai hukawia kwenye baridi ya huku juu. Mpangaji apande limau au stroberi kwenye ndoo atakayohama nayo.

Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, na vuli Oktoba hadi Desemba. Kitalu cha sukuma kianze wiki nne au tano kabla, Februari au Septemba, ili miche iwe tayari ardhi ikilowa. Miti ipandwe mwanzoni mwa mvua ndefu. Na kama familia yenu hufunga nyumba Desemba mkaenda ushago hadi shule zifunguliwe, kubalianeni sasa hivi na jirani au mlinzi kuhusu nani atanyunyiza, kwa maji ya tangi lipi, na achume nini awe nacho chake kwa siku hizo.